Uhura alifutwa kumbukumbu, Kiswahili kikabaki: mapengo ya hadithi katika Star Trek

Ndugu zangu, popote walipo Waswahili waliosoma na kukaa nje, habari ya Star Trek ikiguswa haipiti dakika tano kabla mtu hajasema, "Yule dada wa mawasiliano si jina lake ni la kwetu?" Basi, hapo ndipo mazungumzo huishia. Tunafurahi kwamba tumetajwa, tunarudi kwenye chai. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu ukikifuatilia Kiswahili cha Uhura ndani ya mfululizo ule unakuta pengo la hadithi kubwa kuliko mengi ambayo mashabiki wamekuwa wakiyagombania miaka yote, na ndani ya pengo hilo kumelala maoni fulani juu ya mtu asiyejua Kiingereza.

Kwa ambao hawakuupata vizuri nieleze kidogo. Mfululizo wa kwanza ulianza kuonyeshwa na NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ukafungwa Juni 1969, vipindi 79 katika misimu mitatu. Gene Roddenberry aliyeubuni alikuwa na lake moyoni. Alitaka kusema habari za Marekani ya siku zile, yaani ubaguzi wa rangi, vita vya Vietnam, hofu ya bomu la nyuklia, akazihamishia kwenye sayari za mbali ili wakubwa wa televisheni wasishtuke. Mbinu yenyewe si ngeni kwetu, mtu anahadithia sungura na fisi na kila aliyekaa barazani anajua fisi ni nani. Na ndani ya chombo chao, Enterprise, akaweka Mrusi, Mwasia, Mskochi, kiumbe mwenye masikio ya ncha na mwanamke mweusi, wote wanafanya kazi pamoja kama kwamba ni jambo la kawaida. Mwaka 1966 halikuwa la kawaida hata kidogo.

Sasa, hadithi iliyoandikwa na watu wengi, kwa haraka na kwa fedha za kubana, lazima iwe na viraka. Kwenye "Where No Man Has Gone Before" jiwe la kaburi analotengenezewa nahodha limeandikwa James R. Kirk, baadaye akawa James T. Kirk. Hilo ni kosa la mkono tu, tuliache. Fedha nazo: kwenye "The Trouble with Tribbles" ya Desemba 1967 watu wananunua na kuuza kwa krediti, halafu katika filamu ya mwaka 1986 Kirk anamwambia dada mmoja wa San Francisco kwamba karne yao haitumii fedha, na bili ya chakula ikamwangukia dada wa watu. Tucheke, tupite.

La Waklingoni ndilo maarufu kuliko yote. Katika miaka ya 1960 maadui hawa walikuwa watu wa kawaida waliopakwa rangi usoni. Ilipokuja filamu ya 1979 wakatokea wana mapaji ya uso yenye matuta kama shamba lililolimwa. Mashabiki wakauliza, mbona? Mwaka 1996, katika Deep Space Nine, Mklingoni Worf alipoulizwa akajibu kwamba hilo ni jambo wasilozungumza na watu wa nje, jibu ambalo mzee yeyote wa pwani angelipigia makofi. Na mwaka 2005, katika mfululizo wa Enterprise, vikatengenezwa vipindi viwili kueleza kwamba kulikuwa na virusi vilivyovuruga maumbile yao. Yaani vipindi viwili, kwa ajili ya mapaji ya uso. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Kuna mapengo ya aina nyingine ambayo hayatokani na haraka. Hayo hutokea pale ambapo mwandishi anataka kusema jambo zito la kijamii lakini hawezi, au hathubutu, kulifikisha mwisho. Hadithi inapinda hapo hapo.

Chukua "Let That Be Your Last Battlefield" ya tarehe 10 Januari 1969. Watu wawili wa sayari ya Cheron, Bele na Lokai, wamefukuzana angani miaka 50,000. Bele ni mweusi upande wa kulia na mweupe kushoto, Lokai kinyume chake, na Kirk haioni tofauti yao mpaka aonyeshwe. Kipindi kinataka tuucheke upuuzi wa rangi, na kweli tunaucheka. Lakini wasikilize wenyewe wanachosema: watu wa Bele ndio waliotawala, watu wa Lokai ndio waliofanywa watumwa. Mwishoni Cheron imeteketea, hakuna aliyebaki, na tunachopewa kubeba nyumbani ni kwamba wote wawili walijaa chuki. Mtumwa na bwana wamewekwa kwenye mizani moja! Martin Luther King alikuwa ameuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, miezi tisa kabla, na televisheni inawaambia Wamarekani kwamba tatizo ni watu wawili wasiotaka kusameheana.

Katika kipindi hicho hicho Chekov anakumbuka kusoma darasani kwamba duniani nako kuliwahi kuwa na mateso ya aina hiyo, na Sulu anamjibu kwamba hayo yalikuwa ya karne ya 20, siku hizi hakuna fikra za kishenzi kama zile. Hivi kweli? Desemba 1966, katika "Balance of Terror", ofisa Stiles alimshuku Spock waziwazi kwa sababu tu sura yake inafanana na ya maadui, hata Kirk akamwambia ubaguzi wake auache chumbani kwake. Daktari McCoy naye, mtu mwema kabisa, hamalizi wiki bila kumkejeli Spock kwa damu yake ya kijani na masikio yake, na wote tunatakiwa tucheke. Kwa hiyo ubaguzi haukuisha, umehamishiwa kwa asiye wa dunia hii. Na angalieni mazungumzo yale ya mateso ya zamani walipewa Chekov na Sulu. Uhura hakuulizwa. Yeye alisubiri mpaka Machi 1969, kwenye "The Savage Curtain", ambako Abraham Lincoln anamwita kwa neno la kizamani la mwanamke mweusi kisha anaomba radhi, na Uhura anamjibu kwamba katika karne yao wamejifunza kutoyaogopa maneno. Jibu zuri, wala sikatai, ila limepangwa kwa namna ya kumtuliza Lincoln.

Vietnam hali kadhalika. Chombo cha Kirk kina sheria kuu inayokataza kuingilia mambo ya sayari ambazo hazijaendelea. Sheria hiyo ilitajwa kwa mara ya kwanza kwenye "The Return of the Archons" ya Februari 1967, na katika kipindi hicho hicho ikavunjwa, kwani Kirk aliiangamiza mashine iliyokuwa ikitawala jamii ile. Tarehe 2 Februari 1968, siku chache baada ya mashambulizi makubwa ya Tet, ikaonyeshwa "A Private Little War". Waklingoni wamewapa kijiji kimoja bunduki za gobori, basi Kirk anaamua kuwapa watu wa milimani gobori mia moja ili nguvu ziwe sawasawa. McCoy anapinga kwa uchungu, Kirk naye anatoa mfano wa vita vya bara Asia katika karne ya 20. Wiki nne baadaye, Machi 1, kwenye "The Omega Glory", tunaambiwa kwamba nahodha hula kiapo afe kuliko kuivunja sheria ile ile. Mtu akitaka kujua namna dola kubwa inavyoweza kuwa na kanuni nzuri ya kutoingilia nchi za watu na wakati huo huo kugawa silaha, vipindi hivi viwili vinamtosha.

Turudi kwa dada yetu. Marehemu Nichelle Nichols, aliyefariki Julai 2022, alisimulia kwamba alipokwenda kwenye usaili alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya ya Kenya iliyotoka mwaka 1962. Neno likampendeza Roddenberry, ila likaonekana kali, basi likalainishwa mwishoni likawa Uhura. Hapo msomi wa Kiswahili lazima akohoe. Kwetu jina halina jike wala dume, Uhuru anaweza kuwa mvulana au msichana, hiyo "a" ya kike imetoka kwa Walatini. Wenzetu wa Maskati watasema mbona katika Kiarabu, lilikotoka neno lenyewe, mwanamume ni hurr na mwanamke ni hurra, kwa hiyo wamepatia kwa bahati. Sawa, nakubali bahati ipo. Lakini swali langu ni kwa nini neno lile lihitaji kulainishwa. Tanganyika ilikuwa imelipata mwaka 1961, Zanzibar na Kenya Desemba 1963. Mwaka 1966 halikuwa neno la kupambia, watu walikuwa wametoka kulifia juzi.

Nichols alisimulia pia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, na Martin Luther King ndiye aliyemshawishi abaki kwa sababu kiti kile kilikuwa na maana kuliko maneno aliyoandikiwa. Na maneno yenyewe yalikuwa machache, kazi yake kubwa kumwambia nahodha kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Hata lile busu la "Plato's Stepchildren" la tarehe 22 Novemba 1968, kati ya Kirk na Uhura, linalotajwa kila mahali, liangalieni vizuri: wanabusiana kwa sababu watawala wa sayari ile wanawaendesha kwa nguvu za akili. Si hiari yao. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeziondoa sheria za kukataza ndoa za rangi mbili tangu Juni 1967, miezi 17 nyuma, na bado televisheni ikahitaji wachawi wa angani ili midomo miwili ikutane. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena.

Kiswahili chenyewe kilisikika tangu siku ya kwanza. Katika "The Man Trap", kipindi kilichofungua mfululizo, kiumbe kinachokula chumvi na kujigeuza sura kinamtokea Uhura kwa umbo la kijana wa Kiafrika na kumsemesha Kiswahili, naye anamjibu. Matamshi yale unahitaji kuyasikiliza mara mbili tatu, lakini ni Kiswahili, na kimekuja kwa hoja nzuri: kiumbe kinasoma mawazo ya mtu na kuchukua sura ya kile anachokitamani. Mwanamke huyu yuko peke yake katikati ya nyota, na anachokitamani ni mtu wa kuzungumza naye lugha yake. Mwandishi huenda hakuyafikiri yote haya, lakini sisi tulioishi miji ya watu tunayaelewa bila mkalimani.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Septemba 1967, kikaja "The Changeling". Mashine iitwayo Nomad, iliyotoka duniani ikapotea angani na kurudi na mpango wa kuua kila kilicho na kasoro, inamsikia Uhura akiimba. Haielewi kuimba ni nini. Inamfuta kumbukumbu zote. Scotty naye anauawa, lakini Nomad inamfufua kwa amri ya Kirk. Kwa Uhura inasema haiwezi, hazina yake ya ujuzi imefutwa kabisa. McCoy anaeleza kwamba ubongo ni mzima, ila itabidi asomeshwe upya tangu mwanzo.

Tunamwona kwenye zahanati ya chombo, muuguzi Chapel amekaa naye, anamsomesha kitabu cha watoto, mbwa na mpira, herufi kwa herufi. Neno moja linamshinda. Anaudhika, na kwa hasira anaropoka Kiswahili! Chapel anamtuliza: siyo Kiswahili, sema Kiingereza. Mwishoni McCoy anatangaza kwamba amefika kiwango cha chuo na ndani ya wiki moja atarudi kazini. Wiki iliyofuata hasa, Oktoba 6, kikaonyeshwa "Mirror, Mirror", na Uhura yumo, mzima, shujaa, bila doa.

Sasa tuulizane kama watu wazima. Kama kila kitu kimefutwa, Kiswahili kimetoka wapi?

Mtu anaweza kulitetea kwa sayansi. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za zamani ndizo ngumu kupotea, na wengi wakalichukua hilo kueleza kwa nini baadhi ya wagonjwa wa kiharusi wenye lugha zaidi ya moja hurudiwa kwanza na lugha ya utotoni. Albert Pitres akapinga mwaka 1895, akasema inayorudi kwanza ni ile mtu aliyoizoea zaidi, na mabishano hayajaisha. Basi tuseme Ribot ameshinda, Nomad ilifuta matabaka ya juu na Kiswahili kikabaki chini kabisa, mahali ambapo mashine haikufika. Vizuri. Lakini utetezi huo unazidi kuliharibu jambo, kwa sababu kama Uhura bado ana Kiswahili, hajafutwa. Ana lugha kamili, ana majina ya vitu, ana hesabu, anajua mbwa ni nini na mpira ni nini. Aliye mbele ya Chapel si mtoto mchanga katika mwili wa mtu mzima, ni mtu mzima ambaye Kiingereza kimemtoka. Na bado amewekewa kitabu cha chekechea na anasemeshwa kwa ile sauti tunayowasemesha watoto.

Hilo ndilo pengo, na hapo ndipo linapotuhusu. Kwa waandishi wale, kujua na kujua Kiingereza vilikuwa kitu kimoja kiasi kwamba hata mwanamke akizungumza lugha nyingine masikioni mwao, wamemwandika kuwa hajui kitu. Kiswahili pale hakihesabiki kuwa akili, kimechukuliwa kama kilio au chafya, sauti inayomtoka mtu akiudhika. Ni nani kati yetu hajamwona mama mzima, mwenye watoto na wajukuu, aliyesomesha Qur'ani mtaa mzima au aliyeendesha duka miaka 30, amekaa mbele ya dirisha la ofisi katika nchi ya watu anazungumzishwa polepole na kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi, huku mtoto wa miaka tisa ndiye anayejibu kwa niaba yake? Na ile amri ya Chapel, siyo Kiswahili, sema Kiingereza, waliosoma skuli za kwetu ambako mwanafunzi alivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani hawakuisikia kwa mara ya kwanza kwenye televisheni.

Na mkumbuke chombo kile kina mashine ya kutafsiri lugha zote. Novemba 1967, kwenye "Metamorphosis", Kirk anaitumia kuzungumza na wingu lenye akili na anaeleza kwamba kuna fikra za msingi ambazo viumbe wote wenye akili wanashirikiana. Wingu linatafsirika. Uhura wa zahanati hakuletewa mashine hata kwa dakika moja, na haikumjia yeyote kwamba Chapel angeweza kumfundisha Kiingereza kwa kupitia Kiswahili.

Hapo ndipo nawakumbusha mapaji ya uso. Miaka 26 baada ya filamu ya 1979 watu walikaa wakaandika vipindi viwili kuziba pengo la matuta ya Waklingoni. Pengo la akili ya Uhura liliachiwa wiki moja na tabasamu la daktari.

Simaanishi kwamba kiti kile kilikuwa bure. Kuanzia 1977 Nichols aliifanyia NASA kazi ya kutafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga, na kundi la 1978 lilikuwa na Sally Ride, Guion Bluford na Ronald McNair. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kwenda angani, Septemba 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimtia hamu tangu utotoni, na Jemison mwenyewe amejifunza Kiswahili. Jambo lililoandikwa kwa kusitasita limezaa matunda ambayo waandishi wenyewe hawakuyapanga, na hili huwa linanichanganya kila nikitaka kuwalaumu mpaka mwisho.

Waliofuata wamejaribu kumlipa. Jina lake la kwanza, Nyota, halikutamkwa kwenye skrini mpaka filamu ya 2009, na humo akafanywa mtaalamu wa lugha za viumbe wa nje. Katika Strange New Worlds, iliyoanza 2022, Uhura kijana ametokea Kenya na anazungumza lugha 37. Mashabiki papo hapo wakashika vichwa, kwa sababu katika filamu ya sita, ya mwaka 1991, Uhura mtu mzima anapekua kamusi za karatasi pamoja na wenzake jasho likiwatoka, ili waunge sentensi mbili za Kiklingoni cha kubabaisha na kuwapita walinzi. Afisa wa mawasiliano wa miaka yote hiyo! Imehesabiwa kuwa moja ya aibu kubwa za mfululizo.

Lakini kwa mpangilio wa miaka ya hadithi, Uhura wa lugha 37 ni wa kabla ya Nomad, na Uhura wa kamusi ni wa baada yake, "The Changeling" ikiwa mwaka 2267 na kamusi mwaka 2293. Mashine ilipita katikati. Kwa hiyo wanaotaka kuliziba pengo la kamusi wanacho kiraka tayari, hawahitaji virusi. Lugha alizokuwa nazo zilifutwa siku ile, na wiki ile moja wenzake walijishughulisha kumrudishia moja tu, Kiingereza. Ya pili aliyobaki nayo hawakumrudishia wao, ilikuwa haijatoka.